Samansi ya Kesi ya Baba Zuhura

Jumatano, Mwananyamala

Mama hanisemeshi tangu nisaini.

Mjumbe wetu wa mtaa alileta samansi: Jumatatu niende mahakamani nikaeleze nilivyomwona jirani, Baba Zuhura, akimpiga mkewe.

"Usisaini, mwanangu," Mama alisema. "Usiposaini hujapokea."

Mjumbe akacheka. "Mama Neema, nikiandika amekataa, asipofika hakimu ataagiza akamatwe. Atapelekwa na polisi."

Kwa hiyo ni lazima nifike, na nitaapa kusema kweli. Nilidhani hilo ndilo gumu.

Magharibi Mama Zuhura akanifuata uani. "Mdogo wangu, sema nilianguka."

Nikamwambia siwezi kuapa halafu nikadanganya.

"Wewe ukitoka mahakamani unarudi kwa mama yako," akasema. "Mie narudi kwake."

Naiogopa Jumatatu, lakini naogopa zaidi usiku wa siku hiyo.