Mitungi Minne ya Gesi ya Makaa

Jumanne, 2 Machi 1976

Mitungi ya Phares imefika! Minne, ya kijani, mizito kama mashemeji. Iko kwenye godauni ya forodha kule Industrial Area, na kuitoa ni kazi yangu. Karani wa kutoa mizigo tangu ujana, na leo ndiyo mara ya kwanza natoa mzigo wa mtu ninayempenda.

Phares Okoth ni fundi wa kioo. Tulikuwa majirani Kaloleni, kabla mke wangu Teresiah hajanihamishia Buruburu kwenye nyumba yenye bafu ndani. Yeye amebaki kule, anapuliza mirija na chupa za maabara kwa kichomeo alichookoa kwenye karakana ya reli, cha enzi za Mzungu. Kichomeo hicho hula gesi ya makaa ya mawe tu. Kipe gesi ya jikoni – mwali wa njano, masizi, kioo cheusi. Kipya hakipatikani. Na wale wa Uingereza waliomtumia mitungi wameandika kwamba hii ni ya mwisho. Kiwanda kinafungwa. Wenyewe sasa wanapikia gesi ya chini ya bahari.

Hospitali ya misheni inataka mirija yake kabla ya Pasaka. Isipoipata itaagiza ng'ambo, na Phares hana mteja mwingine wa maana.

Nimemwambia ni wiki moja tu. Mdomo wangu huu.

Ijumaa, 5 Machi

Si wiki moja.

Ofisa wa forodha ni Bwana Mbuthia, mtu mpole, tai imenyooka. Ameandika mitungi chini ya namba ya ushuru 27.11, yaani gesi za petroli. Gesi ya petroli haiingii bila kibali cha wizara, na kibali hupewa kampuni za mafuta. Asiye nacho, serikali inachukua mzigo.

Nikasema hapana, hii ni 27.05 bis, yaani 27.05 ya pili, ya gesi ya makaa, haitaki kibali. Akasema lakini ndani mna methane, na methane iko kwenye petroli pia. Nikamwambia, "Bwana Mbuthia, hata mimi nimejaa ugali, lakini hujaniandika unga." Kinachoangaliwa ni gesi imetoka wapi! Akacheka mpaka akavua miwani. Akaivaa tena. Hakubadilisha kitu.

Nilipomwona anacheka nilidhani nimeshinda. Teresiah naye alicheka hivyo hivyo siku ya kwanza, na kumpata kulinichukua muda mrefu sana.

Jumatano, 10 Machi

Leo nimekuwa mwerevu. Nimemwambia Mbuthia: funga kitabu, njoo unuse. Gesi ya makaa ina harufu yake, lami na yai bovu pamoja. Mzee Ndindi, mshika funguo wa godauni, akaleta spana. Ssss! Mbuthia akapiga chafya, akarudi nyuma. "Hii siyo ile ya jikoni kwangu," akasema. Akataka kunusa yote minne, isije mmoja ukawa tofauti. Ataandikia wakubwa wake.

Nilipomweleza Phares, kasema, "Omera, ndugu yangu, kumbe hiyo pua ina kazi!" Pua yangu, ambayo Teresiah husema inafika nyumbani kabla yangu.

Alhamisi, 18 Machi

Sasa wakubwa nao wanataka kunusa. Kila mkubwa na siku yake. Wa ushuru amekuja, mkemia wao amekuja, na wa juu yao. Hata makarani wa mizigo mingine wanapita: "Tuonyesheni ile gesi ya mayai!" Spana inakaa juu ya mtungi siku zote, kama kijiko kwenye bakuli la sukari hotelini.

Ndindi analalamika kichwa. Kinamuuma akiwa ndani, akitoka nje kinapoa. Nimemwambia ni malaria. Daktari mimi!

Jumatatu, 22 Machi

Nimepita Kaloleni. Phares amesugua kichomeo mpaka kinang'aa. Vijiti vya kioo amevipanga juu ya gazeti, virefu kwa vifupi, kama watoto wa shule. Rispa mkewe alinisindikiza nje, akaniambia taratibu: "Shemeji, waliomtaka akatie vioo vya madirisha ya nyumba mpya amewakataa. Amewaambia ana kazi ya hospitali. Kwa sababu wewe ulisema ni wiki moja."

Hakunilaumu. Chai yake ilikuwa na maziwa mengi. Hilo ndilo baya zaidi.

Jumanne, 30 Machi

Hakuna. Faili liko kwa mkubwa. Mkubwa yuko semina. Pasaka iko hapo tu.

Ndindi amepona kichwa, anapiga mluzi godauni nzima. Angalau mmoja wetu kapata nafuu.

Ijumaa, 2 Aprili

Nimeshinda!! 27.05 bis, bila kibali! Mbuthia kanishika mkono kwa mikono yake miwili, kaniita Profesa. Hapo hapo nikapiga simu duka la jirani yake Phares: mwambieni tumeshinda, kesho aje kwangu na mkokoteni.

Halafu nikaenda na gari la kazi kuchukua mitungi.

Ndindi akachukua spana. "Mzee, nusa ya kuagana." Akafungua. Kimya. Wa pili – kimya. Wa tatu ukapumua kidogo kama mtoto aliyelala, ukanyamaza. Wa nne hata haukupumua.

Ndindi akaniangalia. "Walikuwa hawakazi koki sana," akasema. "Ukikaza, kesho mkubwa anahangaika kufungua."

Ndipo nikaelewa kichwa chake. Hakupona. Gesi iliyokuwa ikimuumiza iliisha.

Na aliyesema njooni mnuse ni nani?

Nimetia sahihi: mitungi minne, imepokelewa katika hali nzuri. Kweli. Rangi haijachubuka.

Jumamosi, 3 Aprili

Yuko sebuleni.

Amekuja mapema na mkokoteni, kavaa koti la kanisani. Mitungi iko uani. Jana niliifunika magunia, sijui kwa nini, kama vile inasikia baridi. Teresiah hajui, sikumwambia. Anamimina chai, namsikia. Phares anamweleza mrija wa kwanza atakaoupuliza, mwembamba hivi, hata sista wa hospitali hataamini. Anaita: "Bwana Bis yuko wapi? Shemeji, mtoe mume wako nje tuibusu hiyo pua!" Wote wanacheka.

Nimejibu kutoka chumbani kwamba natafuta viatu. Viatu nimevaa. Nimekaa kitandani naandika, mtu mzima mwenye mvi, kama vile sentensi ikiwa ndefu ya kutosha gesi itarudi.

Nitamwambia nini? Kwamba tulishinda?

Kiti kimesogezwa. "Acha nikaitazame mwenyewe," anasema. Mlango wa nyuma. Teresiah anamwambia angalia maji yamemwagika. Sasa yuko chini ya dirisha langu. Magunia yanavutwa.

Anagonga mtungi kwa kidole, vile anavyogonga kioo kusikia kama kina ufa.

Unalia kama debe tupu. Anasikiliza.

Anagonga wa pili.