Chavua ya Mpapai Dume wa Miyuji

Shemeji Yohana,

Naanza na habari mbaya: mpapai wako dume umekatwa. Ulikatwa siku ya msiba wako, na hakuna aliyekusudia ubaya. Vijana walitafuta mahali pa kufunga turubai, wakakuta mti katikati ya uwanja, umejaa maua yanayoning'inia na hauna papai hata moja. Mjomba wako wa Bahi akatoa hukumu: "Dume hilo, linakunywa maji ya bure. Kateni!" Nilipotoka ndani, watoto walikuwa wanapuliza mabua ya majani yake kama tarumbeta.

Ungecheka. Ulisema siku zote kwamba mtaa huu utamaliza madume yote, kisha watu waulizane mapapai yamekwenda wapi. Ukanigeukia: "Hata wewe, Shemeji, tungekupima kwa matunda, usingefika sebuleni."

Wageni walipoondoka, mkeo Mama Daudi alinikumbusha kichupa. Kabla hujaugua uliyachuma maua ya dume asubuhi, kabla hayajafunguka, ukayaanika kivulini juu ya gazeti ninaloandikia. "Hatimaye limepata kazi," ulisema. Ukachekecha ule unga wa manjano, chavua yenyewe, ukautia kwenye kichupa cha dawa pamoja na kifurushi cha mchele uliokaangwa ili unyonye unyevu, ukakificha kwenye friza chini ya samaki.

Ulitaka kuichanganya na mpapai jike wa dirishani, ule wenye papai tamu linalooza kabla ya kufika sokoni Chamwino. Dume lilitokana na mbegu za Kondoa, za mapapai yenye ganda gumu. Jike lilikuwa halijatoa maua mapya. Ukaondoka kabla yake.

Sasa sikia. Wakati wa msiba friza ilifunguliwa kila mara, watu wakitafuta maji ya baridi. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Shangazi yako, akipika pilau, alikitoa kichupa: "Binzari gani hii haina harufu?" Mama Daudi akapiga kelele: "Shangazi, hiyo ni ya marehemu!" Shangazi akakiachia kama kaa la moto. Mpaka leo anaamini ulikuwa mganga.

Kwa hiyo hatukujua kama chavua iko hai. Kwa macho haionekani. Na mti wa kutoa nyingine haupo.

Jike lilipotoa maua, tuliyafunika kwa mifuko ya karatasi kabla hayajafunguka. Nilishika brashi ya kuchorea. Nimeandika habari za mafuriko na ajali bila kukosea. Siku ile nilipaka hadi kikonyo. Mama Daudi akaninyang'anya: "Shemeji, unapaka ua, si ukuta." Nikageuka kukuita uje uamue. Jina lilishatoka mdomoni. Basi. Mama Daudi akaendelea kupaka.

Ua la kwanza liligeuka njano likaanguka. La pili nalo. Mama Daudi akaacha kupita upande ule wa nyumba. Lakini moja liling'ang'ania, likavimba, na leo asubuhi nimeliona: papai la kijani, kubwa kuliko ngumi yangu, limefungwa kipande cha chandarua. Jirani kaja kuuliza bei akafukuzwa.

Unanijua, siandiki nisichohakikisha. Nimezunguka Miyuji uani kwa watu nikitafuta dume jingine ambalo nyuki angeweza kutoka kwake. Yote yamekatwa. Mfuko wetu haukuchanika. Kwa hiyo naandika bila wasiwasi: papai hili limetoka kwenye kichupa chako. Kama uzao wake utakuwa mtamu na mgumu kwa pamoja, hilo sijui. Watajua watakaokula ya miti itakayotoka humo.

Nakuahidi hivi: mbegu zake zote tutazipanda. Miche itakayotokea kuwa dume itaachwa isimame, na mjomba akija na panga atanikuta mimi kwanza.

Pumzika, Shemeji. Zamu ya kumwagilia ni yetu.

Shemeji yako, mwandishi wa habari