Fraise Chini ya Majani ya Ndizi

Jumatatu, 3 Machi
Nimefunika fraise, stroberi zangu, tena asubuhi. Majani ya ndizi juu ya vijiti, kila tuta. Mvua ya mawe ya mwaka jana ilinitia adabu. Wadudu nimewaokota kwa mkono mpaka kiuno kikagoma. Mama yuko ndani na blanketi lake. Tangu akimbie vita Eringeti na kuacha kakao zake, anakula vijiko viwili, anasema ameshiba. Nimekasirika. Kisha nimelia jikoni, nikasingizia moshi.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Mama amepata sababu: anafunga. Padri ametangaza kwamba wazee na wagonjwa hawafungi. Mama anasema hakusikia. Mengine yote aliyasikia.

Jumapili, 9 Machi
Fraise za kwanza. Kubwa, hazina kovu, lakini zimepauka na ladha ni ya maji. Nimempa Mama kwenye sahani ya wageni. Ameuma moja, akairudisha. Ameuliza kama nimezichemsha.
Pete yake inazunguka kidoleni. Naogopa.

Alhamisi, 13 Machi
Binti yangu Kavira, anayesoma kilimo hapa Butembo, ameangalia matuta akacheka.
"Mama, umezifungia mu nyumba. Muti ikipata jua, badudu bakiiuma kidogo, inajitengenezea dawa ya kujitetea. Njo hiyo dawa inaleta ile rangi na ule ukali. Na siye tukikula, inasaidia mwili."
Nimeuliza kama itamponya bibi yake.
"Hapana dawa ya ospitali. Lakini atasikia ladha."
Sipendi kufundishwa na mtu niliyemnyonyesha. Alipoondoka nimefunua nusu ya matuta. Nusu tu.

Jumanne, 18 Machi
Nimetoka sokoni, blanketi liko kitini, Mama hayupo. Nimekimbia nje. Nimemkuta shambani amepiga magoti, anafunua nusu iliyobaki na kupalilia. Nimempokonya jembe. Mama amekuja kwangu mikono mitupu, leo alime? Majirani wataniweka midomoni.
"Masika, siyakufa bado. Unipatie ile jembe."
Nimempa. Sikujua pa kuweka uso. Yeye pia nimemfunika kama fraise, nikamwokotea kila mdudu.

Jumatano, 26 Machi
Mvua ya mawe. Fupi, lakini imeponda matuta ya chini. Nilitoka mbio na majani ya ndizi. Mama alinishika kitenge, akanirudisha ndani. Tumeangalia pamoja mlangoni. Nilimchukia kidogo.

Jumatatu, 31 Machi
Zilizobaki ni ndogo, nyekundu mpaka ndani. Mama amechagua moja yenye tundu la mdudu. Amefumba macho kwa ule ukali, akachukua nyingine. Udongo bado uko kwenye kucha zake.
Jioni ameomba bugali. Amekula, akaongeza. Nimeinama juu ya sufuria ili asinione uso.
Blanketi nimelifua. Liko kwenye kamba.