Mizizi Mitupu ya Rongo

Mama mpendwa,

Hamjambo huko Kitui? Mimi ni mzima, ila hapa Rongo jua limekausha hata hamu ya chakula.

Leo nimeng'oa maharagwe shambani kwa Mama Atieno. Haragwe lenye afya huwa na vifundo vidogo mizizini. Ukivipasua, ndani ni vyekundu, maana bakteria wanaolilisha wako hai. Mizizi ya haya ya Mama Atieno ilikuwa mitupu kama uzi.

Unga wa bakteria hao nilimpa mimi mwenyewe, bwana shamba wake. Nilimwambia achanganye na mbegu mvua ikianza, apande siku hiyo hiyo. Akachanganya. Lakini yeye ni mke wa pili, na mke mkubwa alikuwa amelazwa Homa Bay. Huku mke mdogo hatangulii kupanda kabla ya mkubwa. Mbegu zikakaa siku nane kwenye ungo, juani, bakteria wakafa. Mkubwa aliporudi na kupanda, ndipo naye akapanda. Manyunyu yaliyofuata yaliotesha maharagwe tu, kisha ukame ukamaliza hata bakteria wa udongoni.

"Ningepanda mbele yake ningeleta chira, laana ya kuvunja mwiko, hapa nyumbani, watoto wadhoofike," aliniambia bila hasira. "Na wewe hukuniuliza."

Akanichemshia viazi vitamu vyake vya mwisho, nikala kwa aibu.

Mama, tangu Baba afariki, kila msimu unaningoja nije nipige jembe la kwanza ndipo upande. Nakuombea afya na mawingu mazito. Mvua ikinyesha, panda siku hiyo hiyo. Usiningoje.

Mwanao,
Musyoka