Benki Haikuja Msibani, Sasa Inamdai Marehemu

Bi Batuli mpendwa, wewe ndiye mshauri wa gazeti na mimi ndiye mwenye shida, kwa hiyo naomba msaada, ila nakuonya mapema usinijibu kwa lugha ya wasomi, maana darasa la nne nilifika na la tano nililipita kwa nje nikielekea pwani. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, ukiona herufi imelala ujue na mwenyewe nimelala, sili, siongei na watu, na mwanangu Huseni anasema baba unajifia kwa ukaidi.

Naitwa Abilahi, mshona nyavu wa Kilwa Kivinje, na mke wangu Saida alifariki Rajabu iliyopita, Mungu amrehemu. Yeye alikuwa mpishi wa shule ya bweni miaka na miaka mpaka akastaafu, mwenye mshahara wa kupitia benki, kwa hiyo nyumbani kwetu fedha zilikuwa zake na maneno yalikuwa yangu, na kila mtu alitosheka na fungu lake.

Sasa siku ya mazishi, kabla jeneza halijanyanyuliwa, Ustadhi Yunusu akashika kipaza sauti akatangaza kama ilivyo desturi yetu, jamaa, kama kuna anayemdai marehemu Saida amsamehe, na kama hawezi kumsamehe aje kwa mumewe, na mimi kwa uchungu na kwa kupenda sifa, maana hata msibani sifa siziachi, nikadakia kwa sauti, "Deni lake lote liko shingoni mwangu, liwe kubwa liwe dogo, Saida aende mwepesi!" Watu wakaleta takbiri, wanawake wakalia upya, nami nikajiona mwanamume.

Wadai walikuja, na niliwalipa. Alikuja muuza mkaa, akaja fundi cherehani na gauni la Idi ambalo halijamaliziwa kulipwa, akaja kikongwe mmoja kutoka Miteja na fimbo yake akidai kuku aliyemkopesha Saida zamani hizo, nikamwambia, "Bibi, huyo kuku sasa ana vitukuu," akanijibu, "Basi nilipe na vitukuu." Nikamlipa, tukacheka palepale kwenye mkeka wa msiba, na tangu hapo nikawa najua kwamba Saida wangu hadaiwi hata kijiti cha kiberiti.

Bi Batuli, sikuizima simu ya marehemu. Naichaji kila Ijumaa, si kwa ajili ya kuongea na mtu, ni kwa ajili ya kuusikia ule mlio wake tu. Basi Ijumaa moja baada ya arobaini ikalia kweli, nikapokea.

"Naongea na Saida?"

"Saida amefariki, mwanangu. Wewe nani?"

"Pole sana, mzee. Naitwa Antonia, napiga kwa niaba ya benki. Ni kuhusu akaunti yake ya zamani, ile ya kadi ya mkopo."

"Kadi ipi?"

"Ya bluu, mzee. Kwa sasa iko wapi?"

"Kama ni ya bluu iko jikoni, inapara changu."

"Inafanya nini?"

"Inaparua magamba ya samaki, mwanangu. Kali kuliko kisu."

Nilikuwa sitanii. Niliiokota kwenye mkoba wa marehemu, nikaona kwamba mwenye kadi kesha kufa, basi na kadi imekufa, nikaipa kazi nyingine. Ndipo binti akanieleza taratibu kama anayemlisha mtoto, kwamba ile haikuwa kadi ya kutolea hela zako, ni kadi ya kukopea, na Saida alikopa mara moja tu, akawa analipa kidogokidogo kutoka kwenye mshahara, alipostaafu mshahara ukakoma na malipo yakakoma, kikabaki kimkia cha deni. Kile kimkia hakikulala, kiliota riba, kikaota ada ya mwaka, kikaota adhabu ya kuchelewa, leo kimkia kimekuwa milioni mbili na ushee.

Nikamfokea, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Mlikuwa wapi siku ya mazishi? Tulitangaza kwa kipaza sauti mpaka wa sokoni wakasikia! Kikongwe alitoka Miteja na fimbo, ninyi wenye magari mmeshindwa?"

"Mzee, benki haiji msibani."

"Basi isije na kwenye mirathi!"

Hapo nikajiona nimemfunga bao. Ningekata simu hapo ningekuwa mzima leo. Lakini mdomo wangu huu, Bi Batuli, haujui pa kuishia, nikamuuliza, "Haya, huyo mke wangu alinunua nini cha fedha zote hizo, meli?"

Antonia akasema, "Kitu kimoja tu, mzee. Kliniki ya meno, Dar es Salaam. Seti ya meno ya bandia, juu na chini."

Bi Batuli, Saida amezikwa na meno yake yote. Hayo meno ni haya yangu.

Nilipong'oka meno nilikuwa sitoki nje, nakula uji kama mwali, naongea nimeziba mdomo na kofia. Saida akanipeleka Dar, akaniambia kuna madaktari wa kujitolea wanatoa meno bure kwa wazee, nami nikaamini kwa sababu cha bure sikichunguzi. Nimetafuna nayo miaka yote hii, nimetafuna pweza, nimetafuna mahindi ya kuchoma, nimesengenyea watu nayo. Na kwa kuwa yanapiga mluzi nikitamka jina lake, nikawa namtania kila siku, "Saida, meno ya bure yana aibu, yangekuwa ya kulipia yasingepiga mluzi." Yeye anacheka tu. Anageuka anakoroga chungu, anacheka. Alikuwa analipia mluzi ule kila mwisho wa mwezi na hakunijibu hata siku moja.

Nimeyatoa. Yako kikombeni, yananichekea. Nimerudi kwenye uji, na uji wenyewe haupiti.

Huseni ananiambia, "Baba, tupa laini, benki haina miguu ya kufika huku." Ustadhi Yunusu ananiambia ulitamka mwenyewe mbele ya watu, na roho ya muumini huning'inia kwa deni lake mpaka lilipwe. Maneno hayo ndiyo yaliyonilaza chini. Naye Ibrahimu, jirani wa shamba letu la Mitole, sijui nani alimpa habari, amekuja na soda mkononi anataka nimwekee rehani mikorosho ya Saida, misimu mitano avune yeye, anipe milioni mbili leo. Mikorosho ile aliipanda Saida kwa mkono wake tukiwa vijana, mingine anaijua kwa majina. Nikiitoa nimemfukia mara ya pili, nisipoitoa nimemwacha ananing'inia huko kwa ajili ya fizi zangu. Meno nayo nilifikiri kuyauza, lakini hakuna aliyekubali kuyajaribu.

Niambie nifanye nini, na unijibu upesi, maana nikifa Ustadhi atashika tena kile kipaza sauti, na safari hii sijui nani atadakia.

Mimi, Abilahi, Kilwa Kivinje.

*

MSHAURI ANAJIBU

Mzee Abilahi, shikamoo, na pole kwa kufiwa. Barua yako nimeicheka mpaka kwenye kikombe, nilipofika kwenye kikombe nikaona haya. Sasa kaa vizuri nikuseme kidogo, kisha nikusaidie.

Umekosea kuifanya kadi ya marehemu kisu cha jikoni. Kifo cha mtu hakijulikani benki mpaka mtu aende kusema. Ninyi mlitangaza mtaani, na mtaani wakasikia. Benki ilikuwa ikiendelea kumhesabia Saida ada kama yuko hai, kwa sababu kwao bado yuko hai. Haikuja msibani, sawa. Basi msiba uende benki. Mchukue Huseni, maana kijana anayejua kutupa laini anajua pia kupanda gari, nendeni kwenye tawi lenyewe na cheti cha kifo, na hiyo kadi iosheni kwanza. Kama cheti hamjachukua, anzeni na hicho.

Mkifika, usianze kufoka na usianze kuahidi. Mdomo wako umekuponza mara mbili tayari. Omba maelezo ya akaunti kwa maandishi, Saida alikopa kiasi gani, alilipa kiasi gani, na kila kilichoongezwa kiliongezwa lini na kwa mkataba upi. Waombe wasimamishe nyongeza zote tangu siku aliyofariki. Kisha waulize swali lilelile la Ustadhi, kwa adabu: hiki mnachodai, mnadai chote, au kuna mnachosamehe? Adhabu hupunguzwa kwa anayeomba, na asiyeomba hulipa yote. Na kabla hujayaona maandishi hayo, usimtumie mtu yeyote hata shilingi kwenye namba ya simu, awe Antonia au malaika. Huenda binti yule ni mkweli, lakini matapeli nao wana sauti za upole.

Umesema Ustadhi amekwambia ulitamka. Ni kweli ulitamka. Lakini ulibeba deni la Saida, hukubeba kila tarakimu itakayosomwa na mtu kwenye simu. Rudi kwake umuulize vizuri, asili ya deni ni nini na riba ni nini, na ahadi yako inafika wapi. Muulize pia kama mwenye nia ya kulipa na aliyeanza kulipa anahesabiwa sawa na aliyekimbia. Naamini atakujibu jambo litakalokurudisha mkekani ukiwa umekaa. Na jueni wewe na wanao kwamba deni la marehemu hutolewa kwanza katika alichokiacha yeye, kabla hamjagawana, siyo wewe peke yako ulale njaa wengine wakisubiri fungu.

Alichokiacha ni nini? Ni mikorosho. Kwa hiyo Ibrahimu anywe soda yake aende. Misimu mitano kwa milioni mbili ni kukuvua nguo, na unajua, ndiyo maana umeniandikia. Vuneni wenyewe msimu huu, uzeni kwa njia halali, na benki ikikubali malipo ya awamu, mpeleke kila msimu mpaka liishe. Mikorosho ya Saida ilipe deni la Saida, ibaki imesimama Mitole na majina yake.

Limebaki lile la kikombeni. Mzee wangu, umeniandikia barua ndefu kuhusu roho ya mkeo inayoning'inia, lakini mimi naona wewe ndiye unayening'inia. Unajiadhibu kwa utani ambao mwenyewe aliucheka. Mwanamke aliyekasirika hacheki akikoroga chungu miaka yote hiyo. Alikuona umeziba mdomo na kofia, akakopa, akanyamaza, ili usijione mzigo, na kila ukilalamika mluzi alikuwa anamsikia mumewe ameanza tena kuongea. Hicho ndicho alichokinunua.

Yatoe kikombeni, uyasuuze, uyavae leo kabla ya kuifikiria benki. Mwambie Huseni achome mahindi. Kisha litamke jina lake, lipige mluzi. Alikopa ili utafune, Mzee Abilahi. Tafuna.