Shimo la Wiski ya Kavira

Siku ya kwanza, tarehe 9 mwezi wa sita

Wiski ya Kavira imeiva! Mutoto wangu, mwenye nilizaa mimi, amepika wiski hapa Goma! Pipa la kwanza limelala miaka miwili ndani ya shimo la mawe ya volkano, nyuma ya nyumba, kwenye baridi. Siku ya posho, Jumamosi hii, tunalifungua. Nimealika mutaa wetu wote wa Mapendo. Wa kanisa, ndugu wa Butembo, hata wale wenye walimucheka alipoanza.

Na kwetu hakuna kitu kinatupwa. Mahindi inatoka kule muji wa Kiwanja. Makapi yake wanakula nguruwe. Mavi ya nguruwe inatoa gaz, gaz inapika mahindi tena. Akili hiyo aliitoa kwangu. Papa yake hakuwa nayo.

Siku ya pili, tarehe 10

Kuku yangu nyekundu iliingia shimoni. Haikutoka. Niliiona kutoka mulangoni, imelala kwenye ngazi kama inalalia mayai. Damu hakuna. Nzi hakuna. Hiyo ya nzi imenisumbua.

Kavira anasema ni pumzi ya mahindi yenye kuchacha. Juma iliyopita alishusha madramu ya kuchachusha mule mule, baridi isipotee bure. Tumeyapandisha yote. Mugongo unaniuma. Kesho shimo litakuwa safi.

Siku ya tatu, tarehe 11

Si safi. Nimefunga mushumaa kwenye fimbo, nikaushusha. Ngazi ya pili, unawaka. Ya tatu, umekufa. Hakukuwa upepo. Kama mutu ameuzima kwa vidole. Moshi wake haukupanda. Ulilala, ukatambaa juu ya kitu chenye sikukiona.

Hii si mahindi. Ni mazuku, ile hewa mubaya ya chini ya ardhi, yenye inaua mbuzi kwenye mashimo. Ninaogopa.

Sikuambia mutu. Watu wamealikwa.

Siku ya ine, tarehe 12

Panya kwenye ngazi, vichwa vyote chini, kama walikuwa safari moja. Nguruwe wamesongamana upande mwingine wa kiwanja. Wanaangalia mulango. Hawakuli.

Muzee Hamisi, jirani yetu, dereva wa kamyo ya mizigo, amepita kunitania. Yeye pombe hanywaka hata tone.

“Mama Kavira! Pombe yako inaua kuku na haijafunguliwa! Wenye kunywa je?”

Nilicheka. Akainama kuangalia ndani. Hakucheka tena.

“Mama, mutoto asishuke.”

“Muzee, ni kidogo tu,” Kavira akasema. “Nitazuia pumzi, nitoe pipa.”

Na mimi? Nilifikiria siku ya posho.

Siku ya tano, tarehe 13

Ameshuka. Muzee Hamisi alimufunga kamba ya kamyo kiunoni, akimutukana vizuri sana. Tukapatana: akifika kwenye pipa, aligonge, tusikie kama yuko muzima.

Ko, ko, ko. Amefika. Ko, ko. Anatoa ubao wenye unashika pipa, ameinama. Ko.

Kisha hakuna.

Tulivuta. Sijui mikono yangu ilitoa wapi nguvu. Alitoka muzito, midomo buluu. Nilimupiga mugongoni, nikaita jina lake mpaka majirani walikuja. Akatapika. Akalia. Neno la kwanza: “Mama, pipa?” Nilitaka kumupiga tena.

Kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja yangu, huku nje, kwenye jua. Ndipo tukasikia, kule chini.

Ko. Ko.

Muzee anasema ni pipa, limeachia ubao, linagonga ukuta. Labda. Sikuenda kuangalia.

Siku hiyo hiyo, magaribi

Tumeziba mulango kwa mawe. Wiski yote iko chini. Miaka miwili.

Kavira amelala. Kichwa kinamuuma. Nimekaa karibu, nasikiliza anavyopumua. Nguruwe wanakula.

Nitasema mimi mwenyewe, mbele ya wale wenye walicheka: wiski hakuna. Wacheke. Chai nitaipika kwa gaz ya mutoto wangu, wauone ule moto, vile unawaka bila moshi. Vikombe nimeazima kwa Muzee Hamisi.

Wanakuja wote, siku ya posho.