Kufuli la Sanduku la Baba

Sumbal mwanangu,

Dengu zimeiva, mikate ya roti nimeifunga kwenye kitambaa. Bibi mpe dawa akishakula, hata akinung'unika. Na pasi usiiguse kama mikono imelowa.

~~Ukome kunijibu vile mbele ya bibi yako.~~ Basi, yaishe. Asubuhi uliniona nafungua sanduku la marehemu baba yako, ukapiga kelele, "Mama, umeshamsahau, sasa unagawa nguo zake!" Nguo zote zipo. Nimechukua kufuli tu.

Leo kiwandani tunamaliza mafunzo ya umeme, sisi wafumaji tusio mafundi. Kila mtu aje na kufuli lake. Kabla ya kugusa mashine unazima swichi kubwa, unaifunga, na ufunguo unautia mfukoni mwako mwenyewe. Jana mwalimu alisema, "Umeme ukikatika msidhani umezimwa. Umetoka tu, na utarudi bila kupiga hodi."

Wenzangu walicheka. Mimi nilimwona baba yako ameinama kwenye mashine, akisema kama tunavyosema sote, "Umeme umekatika, ngoja nikaze huu waya upesi." Ukarudi kabla hajatoa mkono.

Kufuli hili lilikuwa linalinda mashati yake, mwanangu. Sasa linilinde mimi.

Sanduku liko wazi. Shati la kijivu liko juu. Livae, linuse, lililie ukitaka. Ila usilifue.

Mama yako